Tamko la Wenye Presha na Kisukari wa Nalasi Kuhusu Chokaa Kwenye Mishipa ya Moyo

Sisi wanakikundi tunaoishi na shinikizo la damu na kisukari hapa Nalasi, mkoani Ruvuma, pamoja na ndugu wanaotuuguza, tunatoa tamko hili kwa wananchi wenzetu, kwa wauza dawa na kwa viongozi wetu wa kijiji, kata na halmashauri. Yapo maneno mawili yanayosemwa juu ya ugonjwa huu, nayo yanaumiza watu. La kwanza ni kwamba mishipa ya moyo hujaa chokaa kwa kula dagaa na kunywa maziwa. La pili, ambalo kwetu ni baya zaidi, ni kwamba kwa kuwa mishipa "imevimba kwa ndani", dawa yake ni diklofenaki, kidonge cha kutuliza maumivu.

Chokaa haijengeki kwenye mshipa wa moyo kama inavyojengeka kwenye birika. Ukuta wa mshipa ni nyama hai. Presha ikiupiga miaka mingi, sukari ikizidi kwenye damu, moshi wa sigara ukiingia, utando laini wa ndani huumia, na lehemu mbaya hupenya na kutulia chini yake. Mwili huiona kuwa adui. Chembe nyeupe za damu hufika, huimeza lehemu hiyo mpaka zinafura kwa mafuta, na nyingi hufia hapo hapo. Wakati wa mapambano hayo humwaga kemikali za kuita nyingine zije kusaidia. Huo ndio mcharuko, ulinzi uleule unaofanya kidonda kiwe chekundu na cha moto, isipokuwa huu hauumi wala hauonekani, na hauishi maana chanzo chake hakijaondolewa.

Hapo ndipo kalsiamu inapoingia. Kemikali hizo zikidumu, chembe za misuli zilizomo ukutani mwa mshipa hubadili tabia na kuanza kazi ya chembe zinazojenga mfupa. Mabaki ya chembe zilizokufa nayo huwa mahali pa kwanza pa kalsiamu na fosfeti kushikamana. Mwanzoni ni punje ndogo sana, na hizo ndizo za kuogopwa, kwa sababu zikikaa kwenye gamba jembamba linalofunika mafuta hulifanya lipasuke kirahisi, damu ikaganda juu yake na moyo ukakosa damu. Miaka ikipita, punje huungana kuwa bamba gumu ambalo daktari anayepasua maiti hulisikia likikwaruza kisu.

Dagaa basi hawana hatia. Kiwango cha kalsiamu kwenye damu huongozwa na mwili wenyewe, na chakula kikipungua mwili huichota mifupani. Bibi aliyeacha dagaa kwa hofu anaipunguzia mifupa yake nguvu bila kuusaidia moyo. Mgonjwa wa figo peke yake ndiye afuate mpango wa chakula aliopewa kliniki.

Kuhusu diklofenaki tunasema kwa ukali. Ni kweli kwamba kutuliza mcharuko kunaweza kuulinda moyo. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, uliohusisha watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba sindano ya kanakinumabu ilipunguza mishtuko, viharusi na vifo vya moyo kwa takriban asilimia 15 bila kugusa lehemu. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kwa waliochomwa, jambo zito kwa nchi yenye kifua kikuu kama yetu. Diklofenaki si dawa hiyo. Hupandisha presha, huumiza figo na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Figo zikishindwa, fosfeti hubaki kwenye damu na mishipa hukakamaa upesi mno. Prednisoloni, dawa nyingine ya kutuliza mcharuko, nayo hupandisha sukari. Anayemeza vidonge hivi kila siku ili "kusafisha mishipa" anakichochea kilekile anachokikimbia.

Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003, kabla ya kuenea Tanzania Bara yote. Tunawaomba wauza dawa walinde heshima hiyo. Anayekuja kila wiki kutaka diklofenaki, mpimeni presha, kisha mpelekeni zahanati.

Jembe na mwendo wa miguu bado ni kinga yetu kubwa. Mwaka 1972 mtafiti George Mann na wenzake, akiwemo Anne Spoerry, daktari wa AMREF aliyewafikia wagonjwa kwa ndege, walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai, watu wa kutembea sana, waliokuwa wamefariki. Kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani, ila njia ya damu ilikuwa imepanuka, na magamba yaliyopasuka yalikuwa machache sana. Huko Bolivia, utafiti wa mwaka 2017 juu ya Watsimane, wakulima na wawindaji wanaosumbuliwa na minyoo na maambukizi mengine, uliwakuta wengi wakiwa na mcharuko kwenye damu, na bado asilimia 85 hawakuwa na kalsiamu yoyote kwenye mishipa ya moyo. Lehemu yao iko chini, sigara ni haba, na hushinda wakifanya kazi. Pesa ya korosho ikinunua pikipiki, shambani twendeni bado kwa miguu.

Wenzetu wenye VVU wana mcharuko wa kudumu hata wakitumia dawa vizuri. Utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, ambao Uganda ilishiriki, ulionyesha kwamba statini, dawa ya kupunguza lehemu, ilipunguza matatizo makubwa ya moyo na mishipa ya damu kwao kwa asilimia 35. Tunataka waulizwe habari za moyo kila wanapofuata dawa zao.

Kwa halmashauri, hatuombi mashine ya kupiga picha za kalsiamu. Tunaomba kila zahanati iwe na kipimo cha presha kinachofanya kazi, vitepe vya kupimia sukari, na dawa za presha zinazofika kabla masika hayajaharibu barabara. Sisi kwa upande wetu tutawapima presha majirani zetu bure kila siku ya mkutano wa kikundi, na atakayekutwa iko juu tutamsindikiza zahanati wenyewe.

Limetolewa Nalasi, mkoani Ruvuma, kwa niaba ya wanakikundi wote.