Msiuze Pijo ya Babu kwa Kilo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku hizi ukisimama pale stendi ya Rongo ukitaka kwenda Homa Bay, makanga watakuvuta shati huku na huku, na karibu wote wana Probox. Utaingia, mtabanana kama omena kwenye gunia, mtoto wa mwenyewe atawekwa mapajani mwako, na safari itaanza. Siilaumu Probox, inafanya kazi yake. Ninachokataa ni kicheko cha wenzangu wa Kidato cha Tatu kila ninapotaja gari la babu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, Pijo kama tunavyoita sote. Limesimama chini ya mwembe pale nyumbani tangu kabla sijazaliwa. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Taa moja ya mbele haipo. Sasa baba zangu wadogo wamesema Desemba hii lazima liuzwe kwa wale wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na lori na mizani. Litapimwa kwa kilo kama mahindi! Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini.

Watu wengi hudhani Pijo ni Mfaransa mtupu. La hasha! Kampuni ni ya Kifaransa, lakini umbo lake lilichorwa Italia, katika mji wa Turin, kwenye karakana ya Pininfarina. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1930 na Battista Farina, ambaye aliitwa Pinin. Kazi yao ilikuwa kutengeneza bodi. Mafundi walikuwa wakigonga bati kwa nyundo juu ya umbo la mbao, kidogo kidogo, mpaka mstari ukae sawa. Mwaka 1947 walitoa Cisitalia 202, gari dogo jekundu ambalo mwaka 1951 liliwekwa katika maonyesho ya jumba la sanaa la kisasa kule New York, likatazamwa kama watu wanavyotazama kinyago. Baadaye wakawa ndio wachoraji wakuu wa Ferrari.

Waitaliano wana jina la magari ya aina hiyo, gran turismo, maana yake gari la safari ndefu: watu wawili mbele, mizigo nyuma, mwendo wa kasi, na ukishuka mgongo hauumi. Wengi huhesabu Lancia Aurelia B20 ya mwaka 1951 kuwa ndiyo iliyofungua njia. Hayo ni magari ya matajiri, sikatai. Hapa kwetu Migori sijawahi kuona hata moja, na sitarajii. Lakini hebu sikilizeni. Aldo Brovarone, mchoraji wa Pininfarina aliyechora Dino iliyoonyeshwa Paris mwaka 1965, ndiye huyo huyo aliyechora 504 iliyotoka mwaka 1968. Mkono mmoja! Zile taa za mbele zilizoinama pembeni kama macho ya mtu mwenye usingizi, na ule mgongo wa buti uliokatika kidogo kabla ya kushuka, si mambo ya bahati. Kuna mtu alikaa akafikiri.

Basi mkono uliochorea matajiri ukawachorea pia watu wetu. Magari hayo yaliunganishwa hapa hapa Kenya, na ile ndefu ya safu tatu za viti ndiyo iliyokuwa ikiwakimbiza watu kutoka Kisumu hadi Nairobi. Babu husema ukipanda Pijo ulijiona mtu. Springi zake ni ndefu, kwa hiyo shimo linamezwa kabla hujalisikia. Yeye alibeba wagonjwa, mabibi harusi, na majeneza pia, na barabara ya Homa Bay wakati huo haikuwa na lami.

Mwenzangu mmoja (hatajwi, anajijua) aliniambia umbo halina kazi, gari ni injini. Nikamjibu kwa Safari Rally ya mwaka 1975. Lancia walileta Stratos, gari lililochorwa na Marcello Gandini wa Bertone, fupi, kali, limelala chini kama mshale. Sandro Munari akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu. Nani alikuwa wa kwanza? Ove Andersson, ndani ya Peugeot 504, gari ambalo mwalimu angeweza kwenda nalo kanisani. Tena mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili, ambayo ni gran turismo hasa, na bodi yake iliundwa na Pininfarina wenyewe. Lancia ilingoja mpaka mwaka 1988 ndipo ikapata ushindi wake wa kwanza hapa, kwa Delta iliyochorwa na Giorgetto Giugiaro. Kwa hivyo kwenye matope yetu Mwitaliano alipigana na Mwitaliano.

Wala tusidhani ufundi huo uko ng'ambo pekee. Nendeni ufukweni Homa Bay au Mbita mkamtazame fundi wa mashua. Hana karatasi. Anapinda ubao, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, anarudi kupiga randa tena. Mimi nikimwona namkumbuka yule wa Turin na nyundo yake. Shuleni kwetu hakuna somo la kuchora, kwa hiyo mistari yangu iko nyuma ya daftari la fizikia, na mwalimu wa fizikia amekwisha niadhibu mara mbili.

Sasa nifike penye uchungu. Pesa za hiyo skrapu zinatakiwa kulipa karo. Karo yangu mimi. Nimewahi kurudishwa nyumbani, najua kukaa kwenye ngazi ya nyumba siku ya Jumanne wakati wenzako wako darasani. Sijivuni, na baba zangu wadogo si watu wabaya. Lakini nimewaambia wauze injini, ambayo imekufa, wauze na magurudumu na betri, waache bodi. Fundi mmoja wa jua kali mjini Migori aliikagua akasema sakafu imeoza upande wa dereva tu, na hiyo anaweza kuichomelea. Zikipungua pesa, niko tayari kuuza kuku wangu wanne wakati wa likizo. Baba mdogo alicheka sana. Babu hakucheka. Aliuliza tu kama fundi huyo anajua pia kutafuta taa.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa kwenu kuna 504 iliyolala na taa yake ya kushoto ingali nzima, nitafute Kidato cha Tatu, dawati la nyuma karibu na dirisha, kabla shule haijafungwa.