Acheni kuwatisha watoto na vyama vya chuoni

Kila mwaka masomo ya vyuo yanapokaribia kuanza, stendi za Katesh, Haydom na Mbulu mjini hujaa vijana wanaosafiri kwenda Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza. Juu ya begi na godoro, kila mmoja anabebeshwa onyo lile lile: soma, usijiingize kwenye vikundi. Vikundi vyenyewe ni chama cha wanafunzi, klabu ya mdahalo na gazeti la chuo. Wazazi wetu wanaamini kwamba huko ndiko mtoto anakoanzia kupata sapu (mitihani ya marudio) na kuishia kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli).

Mzazi aliyeuza ng'ombe kuziba pengo la mkopo wa Bodi ya Mikopo ana haki ya kuogopa. Lakini anaogopa kisichostahili kuogopwa. Mwanafunzi anayedisko kwa kawaida ameshindwa kuhudhuria vipindi, au bumu, yaani fedha ya kujikimu, limeisha na hana pa kula, au anasoma fani aliyochaguliwa na wengine. Kumsingizia mhariri wa gazeti la wanafunzi ni kutafuta mchawi.

Tutazame Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Novemba 1969 wanafunzi wa pale Mlimani, wakiwa chini ya umoja wao wa kimapinduzi, USARF, walianzisha jarida la Cheche. Walilipiga taipu kwenye stensili na kulitoa nakala kwa mashine ya kuzungusha. Mhariri wake mmoja, Karim Hirji, alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Kwa hesabu ya wazazi wetu alipaswa kufeli. Amekuwa profesa wa takwimu za tiba. Mhariri mwenzake, Zakia Meghji, alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Issa Shivji, aliyeandika toleo zima maalumu la mwaka 1970 kuhusu matabaka nchini, akawa profesa wa sheria.

Atasema msomaji: mbona Serikali ililifungia jarida hilo Novemba 1970? Ni kweli, na USARF ikafungiwa pia. Lakini mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alipotaka mtu wa kuongoza tume ya kuchunguza masuala ya ardhi nchi nzima, alimteua Shivji yule yule. Ujasiri wa kuhoji ulioonekana kero kwa mwanafunzi ulihitajika kwa mwanasheria.

Na ardhi ndiyo inayonifanya niwasemeshe watu wa Hanang na Mbulu hasa. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig kuanzia Basotu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, kisha katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikautengua. Sababu mojawapo ni kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wachungaji wa nyanda za Hanang walikwama kwenye kuthibitisha uenyeji wao! Na kitabu kinachotajwa sana kuhusu mkasa huo kimeandikwa kwa Kiingereza na mtafiti mgeni, Charles Lane.

Kesi ya namna hiyo inahitaji mtu anayejua kuhoji shahidi, kutunza kumbukumbu na kuandika kwa namna ambayo mkubwa hawezi kuipuuza. Ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia tatu haumfundishi mtu hayo. Atajifunza siku mhariri mwenzake atakapomrudishia habari yake imejaa wino mwekundu: nani kakwambia? Umemuuliza aliyetuhumiwa? Tarehe hii umeitoa wapi? Mhazini wa klabu naye, anayesimama mbele ya wenzake kueleza michango ya msiba imetumikaje, anajifunza uwajibikaji ambao diwani wetu angeuhitaji.

Sikatai kwamba vyama vingi vimeoza. Umoja wa wanafunzi wanaotoka wilaya moja mara nyingi huishia kwenye fulana na sherehe ya kuwaaga wahitimu. Viongozi wengine hugombea kwa kutafuta posho na kujipendekeza kwa wanasiasa. Dawa yake ni wanachama kudai hesabu na kuwaondoa viongozi hao kwa kura. Tukiwaambia watoto wetu waaminifu wakae kando, tunawaachia walafi uwanja.

Na watu wa kuhoji hawahitajiki mahakamani tu. Desemba 3, 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Mahali penye msiba wa aina hiyo panahitaji waandishi wake wa kuuliza, mwaka hadi mwaka, waliobomolewa nyumba wanaendeleaje na miteremko inalindwaje. Waandishi hao wataanzia kwenye magazeti ya vyuo, kwa makosa madogo yanayosahihishika.

Basi mzazi, mwanao akipanda basi mwambie asome kwa bidii, asikose kipindi. Kisha mwambie ajiunge na klabu moja, aandike, na likizo akirudi akusomee alichoandika. Akirudi na cheti tupu, usimlaumu atakaposhindwa kulisemea shamba lako.