Kamari ya wengine, utajiri wa Hulton

Washikaji mnaosuka mikeka kila wikiendi, sogeeni karibu. Leo nawaletea kisa cha Mwingereza mmoja, Sir Edward Hulton, mtoto wa Manchester, ambaye familia yake ilitajirika kwa kamari za watu wengine.

Mzee wake alianzia chini kabisa: alikuwa mpanga herufi kwenye gazeti la Manchester Guardian. Akaona jinsi watu wanavyohangaika kutaka kujua farasi yupi atashinda. Basi mwaka 1871 akaanzisha karatasi ya utabiri wa mbio, iliyokuja kuwa Sporting Chronicle. Hebu piga hesabu: farasi ashinde, ashindwe, gazeti limeshanunuliwa! Mbashiri analia, mwenye gazeti anahesabu chenji.

Mzee alipofariki mwaka 1904, Edward akashika usukani. Hakulala. Mwaka 1909 akatoa Daily Sketch, gazeti lililojaa picha, kwa wasomaji wasiopenda maandishi marefu. Mnacheka nini? Hata ninyi hapa mmeanza na picha! Baadaye akanunua na Evening Standard la London.

Pesa ilipojaa mfukoni akahamia kwenye farasi wenyewe, tena siyo kwa kubahatisha tu. Alizalisha wa kwake. Mmoja wao alikuwa jike mwenye hasira za karibu, Fifinella. Mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, mbio za Derby zilihamishwa kutoka Epsom kwenda Newmarket. Huko Fifinella akawaacha madume kwenye mataa, na siku chache baadaye akabeba pia Oaks, mbio za majike watupu. Tangu siku ile hadi leo hajatokea jike mwingine wa kushinda Derby. Akina dada, mpo?

Mwaka 1923, afya ikiwa mgogoro, Hulton aliuza magazeti yake kwa pauni milioni 6. Miaka miwili baadaye akafariki.

Mimi simkatazi mtu starehe yake. Ila naona vijana wanakosa nauli ya Jumatatu kwa sababu ya timu moja iliyofungwa dakika ya 90, halafu wananunua utabiri mwingine kwa jamaa yuleyule. Jumamosi hii, kabla hujatoa buku yako, jiulize: nani ameshalipwa kabla mpira haujaanza? Kama ni wewe, niite na mimi nije kusuka.

Tukutane wiki ijayo!