Rahisi kwa Nani?

Mimi ndio yule msee wa IT ofisini. Printa ikikwama, niitwe. Wi-Fi ikilala, niitwe. Seva pia ni yangu, na zamani nilijua kila kitu kinakaa folda gani.

Halafu programu yetu ya stoo ikahamia Docker. Amri moja, dakika mbili, imewaka. Nikajiona fundi kweli! Wiki tatu baadaye likatoka toleo jipya. Nikafuta kontena ya zamani, nikawasha nyingine. Ndani, tupu. Kumbe data ilikuwa inaishi kwa kontena yenyewe, na ukiifuta inaenda nayo. Ilifaa niwe nimeiwekea voliumu nje. Mama wa stoo aliandika upya kila kitu kutoka kwa risiti, na siku nne hakunisalimia.

Sawa, kosa ni langu. Lakini hii stori ya "ni amri moja tu" inanikera. Developa anafunga kazi yake kwa boksi, anaenda zake. Mimi naachiwa boksi halina dirisha. Hata localhost ndani ya kontena si seva yangu, ni kontena yenyewe! Na poti ukiifungulia Docker, inaruka sheria za ufw. Wewe unalala ukijua umefunga mlango.

Siichukii, bana. Programu tano ziko kwa seva moja na hakuna anayegombania toleo la PHP. Ila nyinyi mnaoandika maagizo, anzeni na data inakaa wapi. Hiyo amri moja tutaisoma baadaye.