Mtaalamu akibadili namba, aandike sababu

Kwa zaidi ya miaka 20, utabiri wa mvua za msimu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika ulikuwa wa makubaliano. Tangu 1998, wataalamu wa hali ya hewa wa ukanda huu walikutana kabla ya msimu, kila mmoja na hesabu zake, wakajadiliana hadi ikapatikana ramani moja: hapa mvua juu ya wastani, pale chini ya wastani. Mwaka 2019 kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, kiitwacho ICPAC, kiliachana na utaratibu huo. Sasa msingi wa ramani ni mifumo ya kompyuta inayoiga mwenendo wa bahari na anga.

Tunayaunga mkono mabadiliko hayo. Walioketi mezani walikuwa mabingwa. Tatizo lilikuwa meza yenyewe. Anayejua kwamba akikosea atalaumiwa na nchi nzima huvuta namba kuelekea katikati, na kundi linalotafuta mwafaka huzivuta zaidi. Ramani zile zilipopimwa kwa mvua iliyonyesha kweli, ilibainika kuwa "wastani" ilipewa uzito kupita ilivyostahili. Mkulima anayeambiwa wastani mwaka hadi mwaka atachagua mbegu gani?

Hata hivyo, kompyuta haziwezi kila msimu. Vuli hufuata sana joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, kwa hiyo mifumo huweza kuiona miezi kadhaa kabla. Masika ni kazi nyingine kabisa: uwezo wa mifumo kuyatabiri mapema bado ni mdogo, na anayeyatangaza kwa uhakika uleule wa vuli anawadanganya watu. Tena mfumo unaoigawa dunia katika miraba mikubwa hauoni miteremko ya Usambara wala upepo wa Ziwa Victoria. Aliyepima mvua Lushoto au Mwanza maisha yake yote anaviona. Huyo asikilizwe.

Asikilizwe, lakini kwa maandishi. Agosti 2023 ICPAC ilionya kwamba vuli ingekuwa na mvua nyingi. Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu sasa wanasema mvua za maafa za El Niño hazitakuwapo. Novemba mafuriko yakaja, na zaidi ya watu 100 wakafa nchini Kenya. Kauli ya "wataalamu wamesema" isiyo na hesabu, isiyo na jina la mhusika, haitoshi kumfanya mtu wa bondeni abaki nyumbani kwake na watoto.

Tunataka kompyuta itangulie. Mtaalamu awe na ruhusa kamili ya kuirekebisha, ila kila rekebisho liandikwe: nani kalifanya, kwa sababu gani, kwa kiasi gani. Msimu ukiisha, utabiri wa kompyuta na ule uliorekebishwa vipimwe bega kwa bega, na matokeo yatangazwe hata yakiaibisha. Baada ya misimu michache tutajua ni wapi jicho la mtu linaongeza kitu na ni wapi linaharibu. Kazi hiyo haihitaji mashine mpya wala mfadhili. Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya na Uganda zianze nayo vuli ijayo.