Mtoto Hakuzaliwa Awe Pensheni

Hudhuria sherehe yoyote ya mahafali kuanzia Kiminini hadi Kimilili. Kabla sufuria za pilau hazijafunuliwa, utamsikia mshereheshaji akimgeukia baba mwenye boma: "Mzee, sasa tulia, pensheni yako imepata digrii!" Wageni hucheka, akina mama hupiga vigelegele, naye kijana mwenye joho hutabasamu kwa adabu. Hakuna anayemuuliza kama kuna mahali alipotia sahihi.

Mzaha huo ni imani kamili, tena imekita mizizi Trans Nzoia na Bungoma kote: ukisomesha watoto, uzee wako umekwisha kutunzwa. Naipinga. Sina ugomvi na mtoto anayemtumia mamake pesa za sukari na dawa. Huyo ana utu na Mungu ambariki. Ugomvi wangu ni na mzazi anayeufanya utu huo kuwa mpango wake wa pekee wa kustaafu, kisha akauita malezi.

Tuseme kuna mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya Kitale, Mbukusu mwenye asili ya Bungoma, aliyetimiza miaka 59 mwaka huu wa 2026. Mwakani anastaafu, maana umri wa kustaafu serikalini umekuwa 60 tangu 2009, ulipopandishwa kutoka 55. Januari kitinda mimba wake aliingia gredi ya kumi, katika kundi la kwanza la mtaala mpya kufika sekondari ya juu. Godoro, sanduku, sare, karo. Agosti, kwa kuwa mwaka ni wa shufwa, ambao Wabukusu hutahiri, kijana huyohuyo atazunguka na kengele za chinyimba mikononi akialika jamaa kwenye tohara yake, na hapo busaa haikosi, wala ng'ombe. Kifungua mimba anahitimu chuo kikuu. Desemba wakwe wanakuja kumposa binti wa katikati. Mwaka wa baraka, majirani watasema, na kweli ni wa baraka.

Lakini angalia mzee anavyougharamia. Anakwenda kwenye chama chake cha akiba na mikopo na kuchukua mkopo mkubwa wa mwisho, ambao salio lake litakatwa kwenye akiba yenyewe siku akitoka kazini. Anauza kipande cha shamba alichokuwa amekiweka. Mke akiuliza, jibu liko tayari: watoto watarudisha. Imani ile ndiyo inayofungua mfuko. Bila hiyo angechinja kuku watano badala ya ng'ombe, na kijana angetahiriwa vilevile.

Kisha mfuate huyo mhitimu. Kazi ya kuajiriwa ameikosa, anaendesha bodaboda ya mkopo mjini Kitale. Mapato yake yana wenyewe kabla hayajamfikia: mwenye pikipiki, mdogo wake aliye bweni, baba anayengoja faili yake ya pensheni ishughulikiwe Nairobi, na mtoto wake mwenyewe aliyezaliwa juzi. Akiba ya uzee wake ataiweka lini? Haiweki. Naye akifika 60 atamtazama mwanawe kwa jicho lile lile alilotazamwa nalo. Hivyo deni linarithishwa, na kila kizazi kinalipia uzee wa waliotangulia na kuufikia wake mikono mitupu. Na tusidanganyane kwamba kazi nzuri ni kinga. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kilipofungwa 2009, hakikungoja wafanyakazi wafikishe umri wa kustaafu.

Mwalimu huyo, pamoja na hayo yote, ana bahati. Ana faili. Shuka Kipsongo, mtaa wa mabanda uliomo ndani ya mji wa Kitale, ambao kwa miongo mingi umekuwa makao ya familia za Waturkana waliosukumwa kutoka kaskazini na ukame na wizi wa mifugo. Watu wa pale wanaishi kwa kuokota plastiki, karatasi na vyuma chakavu, kubeba mizigo sokoni, na vibarua vya kupalilia na kuvuna mahindi kwenye mashamba ya wengine. Shauri tunalopenda kuwapa wazee, kwamba ukistaafu urudi nyumbani ulime, pale halina maana: hilo shamba liko wapi? Hakuna anayeandikiwa barua ya kustaafu Kipsongo. Mgongo ndio unaomjulisha mtu kwamba siku zake za gunia zimekwisha.

Na hapo nadharia ya mtoto kuwa pensheni inapinduka miguu juu. Utamkuta nyanya mwenye miaka sitini na kitu akilea wajukuu ambao wazazi wao wamekufa, wametoroka au wamezidiwa na maisha. Pesa zinatoka kwake kwenda kwa walio wadogo. Ukimwambia huyo kwamba watoto ni hazina, umemtukana.

"Ni mila yetu," nitaambiwa. Mila ipi? Mzee wa zamani alikuwa na ardhi na mifugo mkononi, na kijana alimhitaji mzee ili apate mahari na mahali pa kujenga. Walihitajiana. Leo mzee ana ploti isiyomtosha hata kupanda sukuma wiki, na mwanawe yuko Nairobi au Qatar. Tena Waturkana wenyewe hawakuwa wajinga wa kuweka mali yote mahali pamoja. Mfugaji aligawa mifugo kwa marafiki na wakwe walio mbali mbali, ili ukame au wavamizi wakipita upande mmoja, upande mwingine asikose pa kuanzia. Hiyo ndiyo mila. Hii ya kumtwika mtoto mmoja uzee wa watu wawili ni mpya, tumeizoea tu.

Anayenufaika zaidi na imani hii ni serikali. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa ifaavyo na familia yake na pia na Serikali. Sisi tumekisoma nusu, na Serikali haina haraka ya kutukumbusha nusu ya pili. Mpango wa Inua Jamii unatoa Sh2,000 kwa mwezi kwa aliyefikisha miaka 70, kiwango kilichokaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga ikipanda na kushuka na kupanda tena. Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 mwaka 2016 bila kumuuliza kama ana watoto. Hilo la kutouliza ndilo ninalolipenda.

Kwa vijana wa bodaboda, NSSF ina mpango wa akiba wa Haba Haba, Sh25 kwa siku, yaani Sh9,125 kwa mwaka. Siwahubirii waokota taka wa Kipsongo kuhusu Sh25. Kuna siku ambazo hiyo ndiyo chakula. Lakini mwenye pikipiki, mwalimu, muuza nguo za mitumba, hao wanaweza, na mwaka wa tohara na posa ndio mwaka wa kuanza, kabla ng'ombe hajanunuliwa.

Agosti 2027 ni uchaguzi. Wagombea watafika Kipsongo na paketi za unga, na watawaita wazee wazazi wao. Waulizwe wakiwa wangali wamesimama: mtu aliyebeba magunia tangu ujana anafikishaje miaka 70 ili aanze kulipwa? Na aliyezaliwa Turkana bila cheti chochote, umri wake unahesabiwa na nani?