Bulengera: parkingi na njia ya miguu vitangulie viwanja

Katika tarafa ya Bulengera, moja ya tarafa nne za mji wa Butembo, nyumba zinazidi kupanda vilima, lakini njia hazifuati. Usafiri wa kila siku ni pikipiki. Anayekaa mbali na barabara kubwa hulipa motari, ao hutembea kwenye tope akipishana na magari. Mama muuza mboga anaacha sehemu ya faida yake kwa motari hata kabla ya kufika sokoni.

Kosa si la wanamotari. Kosa ni kugawa viwanja kwanza na kutafuta njia baadaye, wakati kila mita ya njia inadai kubomoa nyumba ya mtu na kumlipa fidia.

Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, vituo vikijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu. Butembo haina lazima ya kungojea mabasi kama hayo. Wakubwa wa mji na wapima ardhi watenge sasa nafasi ya parkingi, njia ya miguu yenye mfereji, soko dogo na shule karibu yake. Ardhi ikiisha kuuzwa, hairudi bila machozi.